Kidhibiti mwendo kinachotumia ombwe, na jinsi joto la Oman linavyokiharibu

Barabara itokayo Muscat kwenda Salalah, kusini mwa Oman, ina urefu wa takriban kilomita 1,000. Baada ya Nizwa na mji wa Adam milima huachwa nyuma, na kwa mamia ya kilomita, kupitia Haima hadi Thumrait, dereva haoni ila jangwa tambarare, lami iliyonyooka na, pasipo kutarajiwa, ngamia. Katika safari ya namna hii dereva huinua mguu kutoka kwenye pedali ya mafuta na kukiachia kifaa kazi ya kushika mwendo. Waarabu hukiita muthabbit as-sura, yaani kinachoimarisha kasi. Madereva wanaozungumza Kiswahili, na Muscat ni wengi kutokana na uhusiano wa miaka mingi na Zanzibar, husema kruzi kontroli.

Katika magari ya leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta na mota ndogo ya umeme. Lakini magari mengi ya miaka ya 1970 na 1980, hasa yale makubwa ya Kimarekani yaliyopendwa sana katika nchi za Ghuba, yalitumia nguvu ya ombwe. Baadhi yake bado yanatunzwa na wenyewe, na hao ndio wanaofika kwa fundi wakilalamika kwamba gari "linasahau" mwendo liliowekewa.

Asili ya kifaa hiki ni Marekani. Mhandisi Ralph Teetor, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka mitano, alipata hataza yake mwaka 1950. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na uendeshaji wa wakili wake, aliyepunguza mwendo kila alipozungumza na kuongeza kila aliposikiliza. Kampuni ya Chrysler ilianza kukiuza katika magari yake ya mwaka 1958.

Ombwe lenyewe hutoka wapi? Injini ya petroli ni kama pampu inayonyonya hewa kupitia mlango mdogo. Dereva asipokanyaga mafuta sana, mlango huo hubaki karibu umefungwa, na ndani ya bomba la kuingizia hewa kanieneo hushuka chini ya ile ya nje. Injini nzima ikiunguruma bila mzigo, upungufu huo hufikia takriban theluthi mbili ya kanieneo ya kawaida ya hewa. Hiyo ni nguvu isiyolipiwa. Injini ya dizeli kwa kawaida haina mlango huo, ndiyo maana magari ya dizeli hufungiwa pampu maalumu ya ombwe.

Mpira mwembamba hupeleka ombwe hadi kwenye kopo lililofungwa karibu na injini. Ndani ya kopo mna kiwambo cha mpira kilichounganishwa na waya wa mafuta. Upande mmoja hewa ikinyonywa, hewa ya nje hukisukuma kiwambo, nacho huvuta waya. Nguvu yake si ndogo: kiwambo chenye upana wa sentimita 10, kwa tofauti ya nusu tu ya kanieneo ya hewa, husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40. Vali mbili za umeme hufanya mizani. Moja huruhusu ombwe liingie pale mwendo unaposhuka, nyingine huingiza hewa ya kawaida pale mwendo unapozidi.

Kuna kasoro ya kimaumbile ambayo hakuna fundi awezaye kuitengeneza. Gari likipanda mlima, mlango wa hewa hufunguka zaidi, na ombwe hupungua, wakati uleule ambapo kifaa kinalihitaji zaidi. Watengenezaji waliweka tangi dogo la akiba lenye vali ya kuzuia ombwe lisirudi. Anayetoka Muscat akipanda kuelekea Nizwa kupitia bonde la Sumail, na kuona kasi ikishuka kutoka 120 hadi 100, huenda vali hiyo imekwisha, au tangi limepasuka.

Lakini adui mkubwa ni joto. Wakati wa kiangazi Muscat hupita nyuzijoto 40, na chini ya boneti joto huwa kali zaidi. Mpira huwa mgumu, kisha hupasuka, mara nyingi pale unapochomekwa, mahali ambapo jicho halifiki. Tundu dogo hufanya gari liyumbe, likiongeza na kupunguza mwendo bila sababu. Kubwa hufanya kifaa kikatae kabisa, na injini ikose utulivu inaposimama. Fundi asiye na subira hubadilisha kopo zima. Mwenye busara huanza na mipira, ambayo ni rahisi mno, kisha hunyonya hewa ya kopo kwa pampu ya mkono na kutazama kama kiwambo kinashikilia.

Hitilafu nyingine huwapotosha hata wazoefu. Katika magari mengi ya aina hii, mkondo wa umeme wa kuzima kifaa hupitia kwenye balbu za taa za breki. Balbu zikiungua, kifaa hakiwaki, na mtu anaweza kutafuta ugonjwa kwenye injini siku nzima ilhali uko nyuma ya gari.

Kwa bahati njema, karibu kasoro zote hizi humpunguzia gari mwendo; ombwe likivuja, waya hulegea. Isitoshe, pedali ya breki ina kinga mbili: swichi inayokata umeme, na vali inayoingiza hewa moja kwa moja. Hatari ya kweli ni waya wa mafuta uliokwama kwa kutu au vumbi. Hapo breki ikanyagwe kwa nguvu mara moja bila kuachiwa. Kuikanyaga na kuiachia mara kwa mara humaliza ombwe linaloisaidia breki yenyewe, kwani nalo hutoka injini ileile. Kisha gia iwekwe huru, na gari lipelekwe kando ya barabara ndipo injini izimwe.

Kifaa cha ombwe kinaweza kuongeza mafuta au kuyaacha, lakini hakiwezi kufunga breki. Jambo hilo huonekana mwisho wa safari. Baada ya Thumrait barabara hushuka kutoka milimani hadi Salalah, na katika msimu wa kharif, kuanzia Juni hadi Septemba, mteremko huo hufunikwa na ukungu na manyunyu. Gari lililowekewa kilomita 100 kwa saa hufika 120 pasipo mtu kukanyaga chochote, juu ya lami iliyolowa. Madereva wenye uzoefu wa njia hiyo huzima kifaa wakiwa bado Thumrait, jua likiwaka.