Nyuzi za umeme katika nyumba: tulinganishe namna tatu

Baba mfanyakazi, kazini unavaa kofia ngumu na viatu vya usalama. Je, nyumbani umekwisha kuangalia nyuzi za umeme? Umeme wa nyumba ni wa volti 220: unatosha kuua mtu. Kuna namna tatu za kupitisha nyuzi.

1. Juu ya ukuta, bila bomba. Bei ni ndogo, na uzi ukiharibika unaonekana upesi. Lakini watoto wanaugusa, panya wanautafuna, na bati likivuja maji yanaufikia.

2. Ndani ya ukuta, bila bomba. Ukuta unapendeza, lakini namna hii ni mbaya kuliko zote. Msumari mmoja wa kutundika picha unaweza kutoboa uzi. Tena uzi ukizeeka hauvutiki: lazima kubomoa ukuta.

3. Ndani ya bomba la plastiki. Bei inapanda, lakini bomba linakinga nyuzi, na fundi anaweza kuvuta mpya bila kubomoa. Viungo vyote viwe ndani ya kisanduku, si ndani ya bomba.

Namna ya tatu ndiyo bora. Lakini hata bomba zuri haliokoi nyumba yenye fizibu mbaya. Kwa kawaida uzi wa milimita mraba 1,5 ni wa taa. Wa 2,5 ni wa prizi. Fizibu ya ampea 10 ni ya wati 2200. Mama akiwasha resho la wati 2500 pamoja na pasi ya wati 1000, jumla ni 3500: fizibu itakatika. Huo si ubaya, ndiyo kazi yake. Baba akiifunga kwa uzi mnene wa shaba, hakuna tena cha kukata umeme. Siku nyuzi zikigusana, uzi wa ukutani unapata moto, ganda linayeyuka, na nyumba inaungua watu wakiwa wamelala.

Basi tushike haya:

- Fizibu ikikatika, tafuta sababu kwanza, kisha weka nyingine ya ampea zilezile.
- Resho, pasi na friji za chuma zifungwe na uzi wa udongo, wenye rangi ya kijani na manjano.
- Mtu akishikwa na umeme, usimguse: kata umeme kwanza.

Usalama hauishii mlangoni mwa kazi. Uingie nasi nyumbani.