Nilikuwa na ofisi McMillan: Maktaba za jiji ni zetu, lakini nani anazitetea?

KWA miezi minane baada ya kumaliza chuo, nilikuwa na ofisi katikati ya jiji la Nairobi. Sikulipa kodi wala stima. Kila siku nilikuwa na majirani wapya, na mlangoni nililindwa na simba wawili.

Ofisi yenyewe ilikuwa meza katika Maktaba ya McMillan, Barabara ya Banda, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia. Kejani hapakuwa na mahali pa kufanyia kazi: chumba kimoja, kitanda, jiko la gesi, na jirani ambaye spika yake haikuwahi kulala. Nako mkahawani, ukikaa saa nzima na kikombe kimoja cha chai, mhudumu huanza kupangusa meza ambayo tayari ni safi. Akirudi mara ya pili na kitambaa chake, unajua ujumbe umefika.

Maktaba hakuna mtu aliyenipangusia meza. Nilifika asubuhi, nikaandika barua za kuomba kazi, nikasoma, nikasinzia kidogo, nikaandika tena. Kushoto kwangu mwanafunzi wa uhasibu akipambana na mitihani ya CPA. Kulia mzee mmoja akisoma gazeti tangu ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Kama umewahi kusota Nairobi, unajua thamani ya mahali ambapo unaweza kuketi mchana kutwa bila mtu kukuuliza unanunua nini.

Wikendi moja nilienda ushago, nikamwambia babu ninakoshinda. Babu alikuwa tarishi mjini miaka ya hamsini, akipeleka bahasha kutoka ofisi hadi ofisi kwa baiskeli. Aliniangalia kwa muda.

"Unaingia mle ndani? Kwa ule mlango wa mbele wenye nguzo?"

"Ndio, babu. Kila siku."

"Na hawakuulizi kitu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia alipita mbele ya zile ngazi maelfu ya mara, na hakuwahi kukanyaga hata moja.

Nyumba yenye mlango wa wachache

Swali la babu lilinifanya niitazame upya ofisi yangu ya bure. Jina McMillan ni la William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, akaja huku na kumiliki shamba kubwa la Juja. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuwa mgeni wake alipokuja kuwinda mwaka 1909. McMillan alifariki mwaka 1925 na akazikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lucie, ndiye aliyeongoza ujenzi wa maktaba ya kumkumbuka mumewe, nayo ikafunguliwa mwaka 1931.

Ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwafrika angeweza kuwa kwenye kundi lililobeba mawe yake, lakini si kuketi ndani na kufungua kitabu. Hali hiyo iliendelea kwa karibu miongo mitatu, hadi uhuru ulipokaribia na jengo likawa chini ya baraza la jiji. Kwa hivyo babu hakuwa akinitilia chumvi. Alipokuwa akipita pale na baiskeli yake, mlango ule haukuwa wake.

Jengo hili pia lina sheria yake lenyewe, iliyopitishwa mwaka 1938 kulilinda na kueleza litakavyosimamiwa. Ndani yake kumerundikana karne nzima: magazeti ya zamani, kumbukumbu za Bunge, picha, hata samani zilizokuwa za mwandishi Karen Blixen, yule ambaye mtaa wa Karen unahusishwa naye. Wengi wetu tumepita hapo mara mia tukielekea stejini bila kujua kwamba historia ya jiji imewekwa mle ndani, inasubiri mtu aiulize.

Matawi ya Eastlands

Watu wengi wakisikia "maktaba ya kaunti" hufikiria nguzo za McMillan tu. Lakini McMillan ina matawi mawili, na yote yako Eastlands: Kaloleni na Makadara.

Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Ukumbi wake wa kijamii ulikuwa mahali ambapo siasa za uhuru zilichemka, na maktaba iko papo hapo mtaani. Kwa hivyo mtoto wa Kaloleni hana haja ya nauli ili afike kwenye kitabu. Anavuka uwanja tu.

Ukweli ni kwamba maktaba hizi zote tatu zilikuwa zimechakaa. Paa, rangi, vitabu, vyoo, kila kitu kilikuwa kinalia. Mwaka 2017, wanawake wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk ili kuzifufua wakishirikiana na serikali ya kaunti. Walianza na matawi ya mtaani. Kaloleni na Makadara zilikarabatiwa kabla ya jengo kubwa la mjini. Mwaka 2021 tamasha la fasihi la NBO Litfest likafanyika katika maktaba hizo hizo, na safari yao ikatengenezewa filamu, "How to Build a Library", iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance nchini Marekani mwaka 2025.

Mimi nilipenda mpangilio huo wa kuanzia mtaani. Ingekuwa rahisi kupiga rangi nguzo za mjini, kualika kamera na kukata utepe. Lakini aliyekosa mahali pa kusomea zaidi ni yule anayelala watu sita katika chumba kimoja kando ya Barabara ya Jogoo.

Usichanganye hizi tatu na zile za KNLS, shirika la kitaifa la maktaba lililoundwa kwa sheria mwaka 1965. KNLS ndiyo yenye makao makuu kule Upper Hill, na ina matawi jijini kama Buruburu na Kibera. Ndiyo pia iliyoanza kupeleka vitabu kwa ngamia Garissa mwaka 1996. Kama uko karibu na tawi lake, bahati yako.

Hata hivyo, tufanye hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi. Gawanya kwa maktaba tatu za kaunti. Kila moja ingehudumia zaidi ya watu milioni 1.4. Ongeza matawi ya KNLS na bado hesabu haikai sawa. Sasa hesabu maduka ya kamari kutoka stejini hadi kwako. Mimi nilipojaribu, niliacha nilipofika saba, na sikuwa nimevuka barabara.

Rafuni tumebanwa pembeni

Tuwe wakweli kuhusu jambo lingine. Katika miezi yangu minane, mitano ya kwanza sikugusa kitabu hata kimoja cha maktaba. Nilikuja na laptopu yangu, noti zangu na bando langu. Nilitumia kiti na soketi tu. Wengi tuliokuwa pale tulikuwa hivyo. Maktaba imegeuka chumba cha kusomea mitihani, na vitabu vimebaki pambo la ukutani.

Siku stima ilipopotea na betri ikaisha, nikainuka kwenda kutafuta riwaya ya Kiswahili. Nilizunguka kama mgeni. Mhudumu mmoja akanielekeza, na siku hiyo ndipo nilipojifunza zile namba zilizobandikwa kwenye migongo ya vitabu.

Maktaba nyingi za umma duniani, zetu zikiwemo, hupanga vitabu kwa mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa mwaka 1876. Maarifa yote yamegawanywa katika makundi kumi, kutoka 000 hadi 900. Fasihi ni 800. Sasa angalia: 810 ni fasihi ya Marekani, 820 Uingereza, 830 Ujerumani, 840 Ufaransa, 850 Italia, 860 Uhispania, 870 Kilatini, 880 Kigiriki. Halafu 890 ni "lugha nyingine". Humo ndimo dunia iliyobaki inabanana, kama abiria wa matatu ya mwisho usiku. Lugha nyingi za Afrika ziko 896. Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu, kinapatikana baada ya nukta, kwenye 896.392.

Nilikasirika, kisha nikashukuru. Nilikasirika kwa sababu mlango ulifunguliwa lakini viti vya mbele vikabaki na wenyewe. Nikashukuru kwa sababu sasa najua pa kwenda. Ukiingia maktaba yoyote inayotumia mfumo huu, usizunguke. Nenda moja kwa moja 896, na kama rafu ile ni tupu au imejaa vumbi, uliza kwa nini. Mhudumu hawezi kuagiza kitabu ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia.

Maktaba, kamari na pombe

Tatizo lililonimaliza zaidi halikuwa vitabu. Nilipopata kibarua hatimaye, nilikuwa nikitoka kazini jioni na kukuta tawi nililokuwa nikilitumia limefungwa. Saa zake zilikuwa saa za ofisi. Yaani anayefanya kazi mchana hana maktaba. Siku nyingine choo kilikuwa hakitumiki, na unajua maana yake: soma haraka urudi kwenu. Nililalamika kwa nani? Kwa marafiki, kwenye WhatsApp. Tukatuma emoji, tukaendelea na maisha.

Baadaye nikasoma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu inayotaja kazi za kaunti. Maktaba zimo. Lakini angalia majirani zake. Kipengele hicho hicho kinaanza na kamari na kasino, kikaja mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, halafu ndipo maktaba, zikifuatwa na makavazi na michezo.

Fikiria afisa mwenye orodha hiyo mezani. Kamari na leseni za pombe zinamletea kaunti pesa. Maktaba inaomba pesa: mishahara, vitabu, balbu, bomba la choo. Kama hakuna anayepiga kelele, wewe ungekuwa yeye ungeanza na nani?

Na kelele yenyewe ina msimu wake. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Makadirio ya bajeti yanapaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na sheria inataka wananchi washirikishwe kabla ya kupitishwa. Vikao hivyo hutangazwa. Huwa nasikia watu wakisema ni vya wazee na wapambe wa wanasiasa. Kweli, niliwahi kwenda kimoja na nilikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa chini ya miaka thelathini. Watu walisimama wakaomba taa za barabarani, mitaro na basari. Maktaba haikutajwa na mtu yeyote. Hata mimi, niliyekaa miezi minane katika kiti cha umma, niliona haya kusimama.

Hilo ndilo linalonichoma. Kizazi cha babu kilifungiwa mlango kwa rangi ya ngozi, na watu wakapigania nchi hadi mlango ukafunguka. Sisi mlango uko wazi, na unaweza kufungwa polepole bila mtu kutoa amri yoyote: saa zikipunguzwa, rafu zikizeeka, balbu ikiungua na kukosa kubadilishwa. Siku moja unafika unakuta kufuli, na hakuna wa kumlaumu kwa sababu hakuna aliyesema anataka pawe wazi.

Kabla hujachomeka chaja

Kwa hivyo, wewe unayesoma hii ukiwa kwenye meza ya maktaba, endelea na CPA yako. Kiti ni chako. Lakini fanya mambo matatu. Jisajili uwe mwanachama, ili uhesabike. Mtumiaji asiye kwenye orodha ni rahisi kumsahau. Azima kitabu kimoja kabla mwezi haujaisha, hata kama ni kile chembamba zaidi kwenye 896. Na kikao cha bajeti kikitangazwa katika wadi yako, nenda usimame dakika mbili useme: tunataka tawi lifungwe saa mbili usiku, si saa za ofisi. Mimi mwaka huu nitasimama, haya au bila haya.

Babu alikuja mjini mara moja kwa matibabu kabla hajadhoofika. Tulipotoka hospitali nikamwomba dereva wa teksi apite Barabara ya Banda. Tulishuka. Alizitazama ngazi, akawatazama simba, kisha akanishika mkono tukapanda polepole hadi kwenye nguzo. Nilimwambia twende ndani aketi.

"Hapana," akasema akihema. "Wewe nenda ukasome. Mimi nilitaka tu kufika hapa."