Maji ya Kikombe na Maji ya Mto



Siku moja mdogo wangu alirudi nyumbani Tukuyu kutoka Iringa, akatuambia kwamba amebatizwa katika Mto Ruaha Mdogo. Mama hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akatoka na cheti chake cha utotoni, akauliza: "Basi mwanangu, siku ile nilipokubeba kwenda kanisani, nilikuwa nakupeleka wapi?" Hakuna aliyejibu.

Swali hili limo katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa. Wazee wetu wengi walipokea Ukristo kutoka kwa wamisionari Wamoravian na Walutheri wa Berlin, waliofika Unyakyusa mwaka 1891, au kwa Wakatoliki wa Tosamaganga. Makanisa hayo hubatiza watoto wachanga. Yanafundisha kwamba neema ya Mungu hutangulia. Wazazi na wasimamizi huahidi kumlea mtoto katika imani, naye akikua huithibitisha kwa kipaimara.

Wabaptisti, Waadventista na Wapentekoste husema imani ndiyo itangulie: mtu aamini kwanza, ndipo azamishwe. Nao wana hoja. Neno la Kigiriki lililozaa "ubatizo" maana yake ni kuchovya, na kuzama na kuibuka ni mfano wa kufa na kufufuka pamoja na Kristo.

Je, shida ni wingi wa maji? La hasha. Didake, kitabu cha Wakristo wa kale, hupendelea maji yatiririkayo. Lakini yakikosekana, huruhusu kumimina kichwani mara tatu. Ugumu uko kwingine: je, ubatizo hurudiwa? Waraka wa Lima wa mwaka 1982, uliotolewa na wanatheolojia wa makanisa mengi, ulisema haurudiwi. Lakini mdogo wangu hasemi amerudia. Anasema ule wa kwanza haukuwa ubatizo. Hapo ndipo mama alipoumia.

Mimi si mchungaji, wala sitaamua. Ila nasema hivi: anayekwenda mtoni asimwambie mama yake kwamba ahadi yake ilikuwa bure. Na aliyebatizwa angali mchanga asitunze cheti sandukuni akidhani kazi imekwisha.

Nyumbani kwetu Jumapili tunaachana njia panda, kila mtu na kanisa lake. Jioni, sala ya chakula ni moja.