Utumbo Unaopewa Kazi ya Kibofu



Sisi watu wa Rugera tukihamisha chipukizi la mgomba, twalichimbua pamoja na tunguu lake, maana pasipo tunguu litakufa. Kwa kanuni iyo hiyo madaktari wapasuaji huhamisha kipande cha utumbo, pamoja na mishipa yake ya damu, kikafanye kazi ya kibofu cha mkojo.

Ni nani ahitajiye jambo hilo? Mama akikawia mno katika uchungu wa kuzaa, kichwa cha mtoto hukibana kibofu juu ya mifupa ya nyonga. Nyama hukosa damu, hufa, na tundu hutokea. Mkojo ukavuja usiku na mchana. Ndiyo fistula. Matundu mengi huzibwa kwa kushonwa, na hospitali ya Bugando, Mwanza, hufanya kazi hiyo. Lakini wako wachache ambao kibofu chao kimeharibika kabisa.

Mwaka 1852 John Simon wa London alieleza jinsi alivyouelekeza mkojo wa kijana mmoja katika utumbo. Mwaka 1950 Eugene Bricker wa Marekani alieleza njia nyingine: hukatwa kipande cha utumbo mwembamba, kadiri ya sentimeta 15 hata 20, mirija itokayo katika figo hushonwa humo, na ncha ya pili hutokezwa tumboni, mkojo ukaingia katika mfuko. Utumbo uliobaki huunganishwa tena, na chakula hupita kama kwanza.

Lakini mifuko hiyo yahitajiwa maisha yote, na kijijini haipatikani kwa urahisi. Kwa hiyo pengine madaktari huuelekeza mkojo katika utumbo mpana, mgonjwa akauzuia na kuutoa kwa njia ya haja kubwa.

Basi sikilizeni: utumbo hauachi mila yake. Huendelea kutoa ute, tena hunyonya chumvi za mkojo na kuzirudisha katika damu; asidi ikazidi, mwili na mifupa ikadhoofika. Figo nazo zaweza kuingiwa na vijidudu. Kwa sababu hiyo aliyepasuliwa hivyo hupimwa damu na figo maisha yake yote. Ajionaye mzima asiache kurudi.

Bora zaidi ni kuzuia. Mama apelekwe hospitali mara uchungu uanzapo. Na yule avujaye mkojo asifichwe nyumbani wala kutengwa: ni mgonjwa, na dawa yake ipo.