Laptopu haitoe tena sauti: ginsi ya kufanya kiwanda kikubali kwamba shida ni yake

Kule Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia, laptopu ikiacha kutoa sauti, watu wengi wanachukua njia moja: fundi wa karibu. Fundi anakamata turnevisi, anafungua, anapuliza mavumbi, anajaribu waya. Pengine sauti inarudi. Lakini kama mashini ingali mupya, na kama kasoro ilitoka kiwandani, ile turnevisi njo inaweza kumupotezea mwenyewe haki yake. Kiwanda kikiona alama ya kufunguliwa, kinapata sababu rahisi ya kujibu kwamba mutu mwengine aliharibu, na mazungumzo inaishia pale.

Sauti si mapambo. Mwanafunzi anayefuata masomo kwa intaneti, mwandishi wa habari anayemonta emisio yake, mutumishi wa shirika mwenye mikutano ya kila siku kwa videyo, jamaa ambao ndugu zao walikimbia mbali: wote hawa, mashini bila sauti ni nusu ya mashini. Na mutu aliyekusanya dola 400 miezi mingi hawezi kununua ingine kesho.

Kampuni nyingi zinatoa garanti ya mwaka 1 kwa laptopu mupya, kisha siku zinahesabiwa hata kama mwenyewe hajajua. Kwa hiyo, kabla ya fundi, kuna kazi ingine: kuonyesha kwamba shida iko ndani ya chombo, haiko ndani ya programu.

Ginsi sauti inavyopita inasaidia kuelewa. Windows ao programu ingine inatuma muziki kwa programu ndogo ya kuongoza sauti, ile wanaita pilote, wengine drayva. Pilote inapitisha kwa chipu ya sauti ambayo imeshonwa juu ya kadi kubwa. Kwa laptopu nyingi chipu hiyo ni ya kampuni Realtek ya Taiwan. Kutoka pale, umeme mudogo unaongezwa nguvu, unaenda kwa spika mbili ndogo chini ya klavye ao kando yake. Tundu la ekuteri nalo liko kwenye hii njia: mutu akichomeka ekuteri, mashini inanyamazisha spika. Shida inaweza kuwa fasi yoyote ya hii njia, na kwa masikio ya mwenyewe zote zinafanana: kimya.

Majaribio ya kutenganisha hayaombe pesa mingi. Ekuteri zikitoa sauti lakini spika zimenyamaza, chipu pengine ni nzima. Mashaka inabaki kwa spika, waya yake, ao tundu ambalo linafikiri ekuteri zingali ndani. Kwa MacBook za zamani, zile za kabla ya 2016, hiyo ilionekana kwa macho: taa nyekundu ndani ya tundu, na spika hazilie. Kama ekuteri pia hazitoe kitu, mutu achomeke ekuteri za USB, ambazo zina chipu yazo zenyewe. Zikilia, maana yake Windows inafanya kazi, shida iko karibu na chipu ya mashini ao pilote yake. Jaribio la nguvu zaidi ni kuwasha laptopu kwa fimbo ya USB yenye Ubuntu ndani, bila kuiingiza kwenye diski. Sauti ikitoka pale, kosa ni la Windows ao pilote, na garanti ya chombo haihusike. Isipotoka, hapo mashaka juu ya chombo inakuwa nzito, ingawa laptopu za juzi juzi mara ingine Ubuntu haijue bado chipu yazo.

Halafu kuna kipimo ambacho kiwanda chenyewe kiliweka ndani, na hicho njo kinawashinda wahudumu kukataa. Kwa Dell, mutu anafinya F12 mara tu mashini inawaka, anachagua Diagnostics. Kwa HP ni F2. Kipimo kinapiga milio, kinauliza kama mutu amesikia. Akijibu hapana, kinaandika kosa na nimero yake. Kwa HP ni mustari mrefu wa herufi na nimero 24. Ile nimero ipigwe picha, maana mashini ikizimwa, wengi wanasahau kuiandika. Mutu wa Uvira anaweza kuandika kurasa tatu za malalamiko, lakini nimero hiyo moja inasema zaidi ya kurasa zote, kwa sababu imetoka kinywani mwa kiwanda.

Makaratasi yanafuata. Nimero ya seri iko chini ya laptopu, na kwa Dell inaitwa Service Tag, ina alama 7. Mutu akiiandika kwenye tovuti ya kampuni, anaona siku garanti ilianza na siku itaisha. Hapa njo wakaaji wa mashariki wanashituka. Mashini nyingi za kwetu zinatoka Dubai, Guangzhou ao Kampala, na zingine zilikwisha kutumika Ulaya kabla ya kufika Birere ao Kadutu. Muuzaji anasema “ni mupya”, kumbe garanti ilianza miaka miwili mbele. Tena garanti zingine zinafanya kazi tu katika inchi ambamo mashini iliuzwa. Kwa Dell, mwenye amenunua kwa mutu mwengine anaombwa aandikishe mashini kwa jina lake. Dakika tano za kuangalia nimero ya seri mbele ya kulipa zinaokoa maneno mengi, na muuzaji anayekataa mashini isiangaliwe, amekwisha kujibu.

Sasa barua. Tovuti za kampuni kubwa zinapokea Kifaransa, na hakuna haja ya lugha ya tribinali. Inafaa iwe fupi: mashini gani, nimero ya seri, ilinunuliwa lini na wapi, shida ilianza siku gani, majaribio gani yalifanywa, nimero gani ya kosa ilionekana, na nini inaombwa. Mufano: “Spika ya kushoto inakwaruza tangu siku ya tano. Ekuteri zinafanya kazi. Kosa linatokea pia nikiwasha kwa Ubuntu. Naomba spika ibadilishwe chini ya garanti.” Fakitire ya muuzaji na videyo ya sekunde 20 vifuatane nayo. Anayeandika tu “laptopu yenu ni mbaya” anarudishiwa maulizo, na kila ulizo linakula siku.

Muhudumu wa kwanza, karibu kila mara, ataomba mambo yale yale: kuondoa pilote na kuirudisha, kuweka BIOS mupya, hata kufuta Windows yote. Inachokesha, lakini wako na karatasi mbele yao na hawawezi kuiruka. Heri kufanya, kisha kujibu na tarehe: “nimefanya, matokeo ni ile ile”. Kabla ya kufuta kitu, kazi zote ziwekwe kwenye diski ya inje. Kila mazungumzo ina nimero ya dosye. Bila hiyo, muhudumu wa kesho anaanza tena sifuri. Kama wa kwanza amekataa, kuomba dosye ipandishwe kwa mukubwa wake si matusi, ni ngazi ambayo ipo.

Tena si kila mara kiwanda kinapotaja programu kinasema uongo. Mwaka 2016, watu waliotia Windows kwenye MacBook Pro mupya kupitia Boot Camp walisikia milipuko ya sauti, na spika za wengine ziliharibika kabisa. Kosa lilikuwa kwa pilote ya sauti, na Apple ilitoa ingine. Programu ilivunja chombo: ndiyo sababu tarehe na mupangilio wa matukio ni kitu cha kuandika tangu siku ya kwanza.

Malalamiko yakiwa mengi na yanafanana, kampuni inaanza kusema kwa sauti ingine. Apple ilitangaza mwezi wa 8 mwaka 2021 kwamba iPhone 12 na 12 Pro zingine, zilizotengenezwa kati ya mwezi wa 10 mwaka 2020 na mwezi wa 4 mwaka 2021, zina kipande cha sikio kinachoweza kukufa, na ikazitengeneza bure. Kwa iPhone 7 njia ilikuwa ndefu. Watu walilalamika juu ya chipu ya sauti, wakaenda tribinali ya Marekani, na Apple ikakubali kutoa dola milioni 35, bila kukubali kwamba ilikosa. Malipo yalihusu watu wa Marekani tu. Lakini jambo moja ndani yake linagusa kila mutu: waliolipa matengenezo kwa mufuko wao walipangiwa kati ya dola 50 na 349, na wale waliolalamika bila kulipa matengenezo walipangiwa kisichopita 125. Risiti ya fundi, ile ambayo wengi wanatupa mulangoni, ilikuwa na bei.

Kampuni ikikubali, inabaki safari. Kituo chenye ruhusa mara nyingi kiko Kinshasa, Kigali, Kampala ao Nairobi, na kwa wa mashariki Kinshasa njo mbali kuliko zote. Anayevuka mupaka na laptopu ya kutengenezwa aende kwanza kwa DGDA aonyeshe nimero ya seri na barua ya kampuni, ili wakati wa kurudi isionekane kama bidhaa mupya. Mara ingine kampuni inakubali kutuma kipande tu, na hapo fundi wa muji anakifunga, lakini ruhusa hiyo iandikwe mbele mashini haijafunguliwa.

Muuzaji naye hajasimama inje. Dekre ya 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, ambayo ingali musingi wa mikataba katika Kongo, inamubebesha muuzaji uzito wa kasoro iliyofichika ndani ya kitu alichouza. Lakini bila fakitire yenye jina na tarehe, ni maneno ya mutu na mutu. Kwa laptopu iliyonunuliwa mupya katika magazini ya Ubelgiji na ndugu aliye kule, sheria ya Ulaya inampa munuzi miaka 2 mbele ya muuzaji, si mbele ya kiwanda, kwa hiyo ndugu huyo njo anapaswa kurudi magazini na risiti yake.

Na kama garanti imekwisha, turnevisi inarudi kuwa halali. Spika mbili ni kitu ambacho fundi muzuri anabadilisha. Chipu ya sauti ni kazi ya wachache, na bei yake inaweza kupita faida. Kwa hiyo ya mwisho, adaptere ndogo ya sauti ya USB, ya dola chache, inarudisha sauti leo leo, na tundu moja la USB linabaki limekaliwa.