Watafiti wa Guangzhou wasikiliza ubongo wa wagonjwa wasioweza kusema

Mgonjwa aliyeumia ubongo anapofumbua macho, lakini hasemi, hainui mkono wala hafuati maagizo ya daktari, jamaa zake huuliza swali moja: je, anatusikia? Katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China, Profesa Li Yuanqing wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha China Kusini na wenzake walijaribu kulijibu kwa kupima umeme wa ubongo. Leo tunawaeleza jinsi kazi hiyo inavyotegemea ulinganifu wa saa.

Mwaka 1929 daktari wa Ujerumani Hans Berger alitangaza kuwa umeme wa ubongo wa binadamu unaweza kurekodiwa. Mwaka 1965 Samuel Sutton na wenzake nchini Marekani walionesha kuwa mtu akipata ishara ambayo hakuwa na uhakika nayo, wimbi maalumu huinuka ubongoni milisekunde 300 hivi baadaye. Wimbi hilo lina mikrovolti chache tu, nalo humezwa na mawimbi mengine, kama sauti ya mtoto katikati ya soko. Hivyo watafiti huonesha kichocheo mara nyingi, hukata rekodi vipande vipande kuanzia wakati kichocheo kilipotokea, kisha hutafuta wastani wake. Kelele hupungua, na jibu hujitokeza.

Lakini kompyuta inayoonesha picha na mashine inayorekodi ubongo ni vyombo viwili, kila kimoja kina saa yake. Kwa hiyo kila picha inapotolewa, kompyuta hupeleka alama kwenye mashine ya kurekodi. Hata hivyo, amri ya kuonesha picha si picha yenyewe. Kioo kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde huhitaji milisekunde 17 hivi kila mara, na programu nyingine zinaweza kuongeza ucheleweshaji. Ucheleweshaji usiobadilika hauna madhara makubwa, kwani huondolewa kwa hesabu. Unaoharibu kazi ni ule unaobadilikabadilika: wimbi hutawanyika na kufifia, na mgonjwa aliyejibu akaonekana kama hakujibu. Ndiyo maana maabara makini hubandika kihisi cha mwanga kwenye pembe ya kioo, ili wakati halisi wa mwanga ulinganishwe na alama iliyorekodiwa.

Katika utafiti wa Guangzhou uliochapishwa mwaka 2014, mgonjwa alioneshwa picha mbili, ya uso wake mwenyewe na ya mtu asiyemfahamu. Picha hizo zilimetameta kila moja kwa kasi yake, na fremu zake zikawaka bila utaratibu wa kutabirika. Mgonjwa aliambiwa aitazame picha moja na kuhesabu kimoyomoyo fremu yake inawaka mara ngapi. Kompyuta ilitafuta katika umeme wa ubongo ni picha ipi aliyoizingatia.

Kati ya wagonjwa wanane, watatu waliweza kuchagua picha zote mbili walivyoagizwa. Mmoja alikuwa na fahamu lakini mwili wake umepooza, na mwingine alikuwa na fahamu hafifu. Wa tatu, kwa vipimo vya kawaida vya kitandani, alihesabiwa kuwa hana fahamu yoyote. Wengine wawili walifaulu kwa picha ya uso wao wenyewe tu. Kwa watatu waliobaki hakukuonekana jibu, jambo ambalo halithibitishi kuwa hawakusikia, kwani mgonjwa huweza kusinzia, kuchoka au kutoona vizuri.