SUKARI NA KANSA: MUUZAJI DAWA ALISEMA NUSU TU



Mwaka jana mwanachama mmoja wa tawi letu hapa Uganda, mkata miwa wa miaka mingi, aliota uvimbe shingoni. Alipimwa, akaambiwa ni kansa, akaanza kutibiwa kwa dawa za kudungwa mishipani. Siku moja ndani ya basi, muuzaji wa miti shamba akamwambia kuwa kansa chakula chake ni sukari, kwa hiyo akiacha kila chenye utamu na wanga uvimbe utakufa kwa njaa. Ndugu yetu akaacha chai, akaacha uji, akaacha posho na matoke. Nilipomtembelea nilimkuta suruali ameifunga kwa kamba. Alipofika kliniki alirudishwa nyumbani bila dawa, maana mwili ulikuwa umedhoofika mno kuihimili.

Mimi nilikomea darasa la saba, lakini jambo hili lilininyima usingizi. Sisi ndio tunaokata miwa. Tukiambiwa sukari inaua, ni haki yetu kujua maana yake. Nikauliza wauguzi, nikasoma, na pale nilipokwama nikaomba nielezwe tena.

Kwanza, maneno ya yule muuzaji yana chanzo chake. Katika miaka ya 1920, huko Berlin, mtaalamu wa Kijerumani Otto Warburg aliona kwamba chembe za kansa hutumia glukosi, yaani sukari ya damuni, kwa wingi kuliko chembe nyingi za kawaida, tena huitumia kwa ufujaji hata pale hewa ya oksijeni inapotosha. Hospitali kubwa bado zinaitumia tabia hiyo. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa alama ya mnururisho, kisha mashine huonyesha mahali ilikokusanyika, na mara nyingi ndipo penye uvimbe.

Lakini muuzaji hakusema nusu ya pili. Kila chembe ya mwili inahitaji glukosi, na ubongo unaitaka mchana na usiku. Nayo haitoki kwenye kopo la sukari peke yake. Posho, matoke na mihogo vyote hugeuka glukosi vikishaliwa. Usipokula, ini huitengeneza lenyewe, na malighafi mojawapo ni nyama ya misuli yako. Uvimbe unaendelea kupata posho yake, anayekonda ni wewe.

Je, sukari basi haina hatia? Hapana, ndugu zangu, inayo, ila njia yake ni ya kuzunguka. Ukila sukari nyingi kongosho humwaga insulini nyingi. Insulini huamuru chembe zichukue sukari, na pia huzihimiza zikue. Ni kama mbolea shambani: haichagui muwa na gugu. Sukari ikizidi mahitaji ya mwili hugeuka mafuta, na unene unaiongeza insulini zaidi. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lililoko Lyon, Ufaransa, lilitaja aina 13 za kansa zinazohusiana na unene, zikiwemo za utumbo mpana, ini, figo, kongosho, mfuko wa uzazi, na ya matiti kwa akina mama waliokoma hedhi.

Mwaka 2019 yakatoka mengine mawili. Huko Ufaransa watu zaidi ya 100,000 walifuatiliwa, na walioongeza mililita 100 za vinywaji vitamu kwa siku walionekana kuwa na hatari ya kansa iliyozidi kwa asilimia 18. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, haithibitishi kwamba moja limeleta jingine. Marekani nako, panya walioumbiwa tabia ya kuota uvimbe wa utumbo walinyweshwa kila siku maji matamu kidogo, na uvimbe wao ukawa mkubwa zaidi ingawa hawakunenepa. Panya si mtu, lakini mimi soda nimeipunguza.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite kama gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12 vya chai, na heri zaidi vikiwa 6. Soda moja ya mililita 300 ina karibu vijiko 8. Kikombe kikubwa cha saa nne, kama tunavyokitia sisi, hakikosi vijiko 4. Mkata miwa huenda akaichoma yote kabla ya saa saba mchana. Dereva, karani na mlinzi wa geti wanakunywa hiyo hiyo wakiwa wameketi.

Wengine watatulaumu kwa kupenda soda. Waje shambani kwetu mwezi wa kiangazi. Pipa la maji halifuniki, na maji yenyewe yana rangi. Soda ndiyo kinywaji pekee ambacho mtu anakiamini. Kwa hiyo tawi limekubaliana kwamba maji safi ya kunywa yawe dai la kwanza katika mazungumzo yajayo na mwajiri, hata kabla ya buti.

Ndugu yetu alirudia posho, maharage na uji, kwa ushauri wa kliniki, na uzito uliporudi akaendelea na dawa. Hadi naandika haya amekwisha dungwa mara nne. Chai yake sasa ni kijiko kimoja, na mkewe anasema hayo ni maji ya moto tu.